Kila Kipande na Zamu Yake: Usomaji wa Mwiba wa VVU

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha picha mbili za kitu kimoja, zilizopatikana kwa njia mbili tofauti: moja kwa kupiga eksirei fuwele za protini, nyingine kwa darubini ya elektroni inayotazama protini zilizogandishwa ghafla. Kitu chenyewe ni mwiba wa VVU. Ukiutazama kwa juu, unaona vipande vitatu vinavyofanana, vimekutana kileleni na kuachana kidogo kuelekea pembeni. Ukiutazama kwa ubavu, unaona kichwa kipana kimekaa juu ya shina fupi. Hii ndiyo protini pekee ya kirusi inayojitokeza nje ya utando wake, na bila hiyo VVU haviingii katika seli ya binadamu.

Ninausoma mwiba huu kwa jicho la mhakiki wa fani. Nauliza kila kipande kimewekwa wapi, kinafichwa na nini, kinatanguliwa na nini, na kinafunuliwa lini. Swali hilo la mwisho ndilo zito. Mwiba wa VVU umesukwa kama hadithi yenye matukio ya kufuatana, ambapo tukio la pili haliwezekani kabla ya la kwanza, na la tatu halina maana kabla ya la pili. Anayeusoma kama picha iliyotulia atauelewa vibaya. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mikasa ya kutafuta chanjo tangu miaka ya 1980 imetokana na usomaji wa aina hiyo.

Vitabu vingi vya shule huueleza mwiba kama ufunguo, na kipokezi kilicho juu ya seli kama kufuli. Mchoro huo umewasaidia wengi kufahamu kwamba virusi haviingii popote ovyo, na kwa hilo unastahili heshima. Lakini ufunguo hubaki ulivyokuwa kabla na baada ya kutumbukizwa, ilhali mwiba wa VVU ukishaigusa seli hauna tena sura uliyokuja nayo. Tena, kufuli lina tundu tangu lilipotengenezwa. Katika mwiba, kama tutakavyoona, sehemu muhimu kuliko zote haipo kabisa mpaka mguso wa kwanza utokee.

Tuanze na jinsi unavyotungwa. VVU ni kirusi chenye maneno machache mno: herufi zake zote za kijenetiki ni kama 9,700, na jeni zake ni 9. Moja ya jeni hizo, env, hutoa mnyororo mmoja wa asidi amino zipatazo 850 uitwao gp160. Herufi g na p ni za glaikoprotini, yaani protini iliyovikwa sukari, na namba ni kipimo cha uzito wake. Mnyororo huu ukiachwa ulivyo hauwezi kufanya lolote. Lazima ukatwe, na anayeukata ni seli yenyewe ya binadamu, kwa kimeng'enya kiitwacho furini. Furini ina kazi yake halali mwilini: kukata protini zetu wenyewe zinazohitaji kukatwa ili zianze kazi. Kirusi kimeweka katikati ya mnyororo wake asidi amino nne zinazofanana na alama ambazo furini huzitafuta, na furini hukata pale bila kubagua.

Baada ya mkato huo tunabaki na vipande viwili. Kikubwa, gp120, ndicho kichwa. Kidogo, gp41, ndicho shina, na ndicho kilichopenya katika utando wa kirusi. Jozi tatu za namna hiyo hukusanyika na kufanya mwiba mmoja. Jambo la kushangaza ni kwamba kichwa na shina havikuunganishwa kwa kifungo imara cha kikemia. Vimeegemeana tu, na mara kwa mara kichwa huchomoka na kupotea katika damu. Mtu anaweza kuona hilo kama ubovu wa ufundi. Mimi naliona kuwa kiini cha fani yote, kwa sababu kichwa kimewekwa pale ili kije kiondoke.

Anayetega ndege huinamisha ufito mbichi mpaka unakaribia ardhi, kisha akaushikiza kwa kijiti. Nguvu yote ya mtego imo katika mpindo ule, na kijiti kazi yake ni kungoja. Shina la mwiba, gp41, limepindwa hivyo hivyo tangu lilipokatwa na furini. Kichwa, gp120, ndicho kijiti. Kirusi hakina chakula wala moto wake wa kusukumia utando mmoja ndani ya mwingine. Nguvu ya kazi hiyo iliwekwa akiba tangu protini ilipokuwa ikikunjwa ndani ya seli iliyokizaa.

Kabla mtego haujafyatuka, mwiba unapaswa kusafiri ndani ya damu na majimaji ya mwili, mbele ya macho ya mfumo wa kinga. Hapa ndipo unapokutana na sukari. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, na sukari yote hiyo imetengenezwa na seli ya binadamu, kwa kuwa kirusi hakina kiwanda chake. Katika mwiba wa mwaka 2013, kila kimoja cha vipande vitatu kina sehemu 28 zinazoweza kubeba mnyororo wa sukari. Kwa mwiba mzima zinakuwa 84, katika kitu chenye upana wa nanometa chache tu. Kingamwili inayokuja kuukagua mwiba hukutana kwanza na sukari za mwili wenyewe, na mwili umefunzwa tangu utotoni kutozishambulia. Mwaka 2003 George Shaw na wenzake, wakiwa Alabama nchini Marekani, walionyesha kwamba kirusi huihamisha sukari hiyo huku na huku kadiri kinga inavyokikaribia. Pale kingamwili inapojifunza kupenya, mnyororo unahamia pale.

Chini ya sukari na pembeni yake kuna vitanzi vitano, V1 hadi V5. Herufi V ni ya kubadilikabadilika, na hiyo ni sifa yao kweli, kwani virusi viwili kutoka kwa mgonjwa mmoja vinaweza kutofautiana sana katika vitanzi hivyo. Kinga ya mwili huvisoma vitanzi kwa bidii kwa sababu vimejitokeza mbele, hutengeneza kingamwili dhidi yake, na kabla hazijakamilisha kazi, vitanzi vimeshaandikwa upya. Ukipanga sehemu za mwiba kwa jinsi zinavyoonekana, unapata mpangilio wa kutisha: zinazoonekana hubadilika, na zisizoweza kubadilika hazionekani. Mapambo yote yako nje, na kile ambacho kirusi hakiwezi kuishi bila hicho kimezamishwa ndani.

Hata idadi ya miiba ni sehemu ya fani. Kirusi kimoja cha VVU kina miiba kama 14 tu kwa wastani, wakati kirusi cha mafua kina mamia. Kingamwili ina mikono miwili, na hushika imara pale mikono yote miwili inapopata pa kushika. Juu ya VVU miiba imeachana mno, hivyo mara nyingi mkono mmoja unashika na wa pili unaelea. Uchache ambao tungeudhani udhaifu umegeuka kuwa kinga.

Sasa tufike kwenye tukio lenyewe. Seli inayolengwa ni chembe nyeupe ya damu, ile inayoratibu ulinzi wa mwili, na juu yake kuna protini iitwayo CD4. Mwaka 1984, watafiti wa London na wenzao wa Paris, kila kundi kwa upande wake, walionyesha kwamba CD4 ndiyo ambayo VVU hushika kwanza. Ilichukua miaka 14 zaidi kuona jinsi inavyoshikwa. Mwaka 1998, Peter Kwong katika maabara ya Wayne Hendrickson, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na kundi la Joseph Sodroski, walipata picha ya kiini cha gp120 kikiwa kimeshikana na CD4. Walilazimika kukata vitanzi vikubwa na kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya sukari, maana protini nzima haikukubali kufanya fuwele. Na bado picha ile ina jambo ambalo kila anayejali masuala haya anapaswa kuliona: asidi amino moja ya CD4, fenilalanini iliyo nafasi ya 43, imejitokeza kwenye ukingo wa CD4 na kuziba mdomo wa kishimo kidogo ndani ya gp120. Ugonjwa ambao watu karibu milioni 40 duniani wanaishi na virusi vyake unaanzia katika mguso huo, wa pete moja ya kaboni mdomoni mwa kishimo.

Tukio hilo linapotokea, mwiba unafunuka. Vitanzi V1 na V2, vilivyokuwa vimefunika kilele, vinainuka na kusogea pembeni. Vipande vitatu vya kichwa vinaachana. Kitanzi V3, chenye asidi amino kama 35 na kilichokuwa kimelazwa chini ya vingine, kinachomoza kuelekea seli. Na tepe nne fupi za gp120, ambazo mwanzo zilikuwa zimetawanyika, zinakutana na kufanya uso mmoja tambarare. Ni juu ya uso huo, pamoja na V3, ambapo kipokezi cha pili cha seli kitashikwa. Tunapozoea kusema kwamba sehemu hiyo "ilifichwa", tunapunguza ukweli. Kitu kilichofichwa kipo. Mtafutaji hodari anaweza kukifikia. Uso huu ulikuwa haujaundwa. Umetungwa na mguso wa CD4, papo hapo, kwenye ukingo wa seli.

Ubora wa msuko unaonekana hapa kuliko mahali pengine popote. Watu wengi wanaoishi na VVU wana kingamwili zinazoujua uso huo vizuri sana. Mojawapo, iitwayo 17b, ilitumika katika picha ya mwaka 1998 kama mshiriki wa tatu, kwa sababu inashika barabara. Mwilini haisaidii sana. Uso unapoundwa, kirusi kimeshasogea karibu na seli, na nafasi iliyobaki kati yao ni finyu kuliko kingamwili nzima. Maabarani, ukiikata kingamwili hiyo ukabaki na kipande kidogo, kipande kinapenya na kuzuia. Kingamwili inajua mahali pa kushika, lakini inafika wakati zamu yake imepita.

Kipokezi cha pili kilijulikana mwaka 1996. Edward Berger na wenzake wa Marekani walitangulia kuitambua CXCR4, na wiki chache baadaye makundi matano yalitangaza CCR5, ambayo ndiyo inayotumiwa na virusi vingi vinavyoambukiza mtu kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Ulaya Kaskazini, wamerithi jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama hana CCR5 juu ya seli zake, na ni nadra sana kuambukizwa. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa saratani ya damu mjini Berlin kwa uboho wa mtu wa namna hiyo, aliishi bila VVU kuanzia upandikizaji wa kwanza mwaka 2007 hadi alipofariki mwaka 2020 baada ya saratani ileile kurudi. Tukio moja likiondolewa katika msuko, hadithi yote inakwama, hata kama tukio la kwanza limefanyika bila kasoro.

Mwaka 2019 kundi la Bing Chen la Boston lilichapisha picha ya gp120 ikiwa imeshika CD4 na CCR5 kwa pamoja. Ncha ya V3 imezama ndani ya kishimo cha CCR5, na mkia wa CCR5 umepanda kukumbatia gp120. Walichotarajia wengi ni kuona CCR5 ikiligeuza umbo la gp120 kwa nguvu. Hawakuona mabadiliko makubwa. CCR5 inaonekana kuushikilia mwiba karibu na utando wa seli, kwa muda wa kutosha, huku shina likijiachia lenyewe. Napenda tafsiri hiyo kwa sababu inalingana na fani tuliyoiona tangu mwanzo: nguvu ilikuwamo ndani, na kilichohitajika ni kuondoa kizuizi kimoja baada ya kingine.

Ndipo mtego unafyatuka. Kichwa kinaachia, na gp41 inanyooka. Ncha yake, yenye asidi amino zinazokimbia maji na kupenda mafuta, inarushwa mbele na kuchoma utando wa seli. Kwa muda mfupi shina limeshika tando mbili kwa wakati mmoja: mguu uko kwenye utando wa kirusi, ncha iko kwenye utando wa seli. Kisha linajikunja katikati. Hesi (misokoto) tatu za ndani zinajipanga bega kwa bega, hesi tatu za nje zinarudi kuzilalia, na fungu la hesi sita linakamilika. Mwaka 1997 makundi mawili, la Peter Kim na la Don Wiley, yalionyesha fungu hilo kwa eksirei. Ni moja ya maumbo magumu kuvunjika katika biolojia, na kule kukazana kwake ndiko kunakolipia gharama ya kuziunganisha tando mbili. Tundu linafunguka, na kiini cha kirusi kinaingia.

Ukitaka ushahidi kwamba usomaji wa zamu ndio sahihi, angalia dawa. Enfuvirtaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ni mnyororo wa asidi amino 36 ulionakiliwa kutoka kwenye gp41 yenyewe, katika hesi za nje. Inalala juu ya hesi za ndani katika dakika zile ambapo shina limenyooka na bado halijajikunja, na hesi halisi zikirudi zinakuta nafasi imekaliwa. Kabla ya dakika hizo dawa haina pa kushika. Baada yake haina faida. Ilikuwa ghali, ilidungwa mara mbili kwa siku na kuacha uvimbe chini ya ngozi, kwa hiyo haikuwa dawa ya kupewa mgonjwa wa kawaida katika kliniki zetu. Kwa mhakiki, hata hivyo, ni uthibitisho mzuri kuliko wote: sehemu ya utungo imetolewa na kurudishwa nje ya zamu yake, na utungo umevunjika. Maraviroki ya mwaka 2007 inaigusa CCR5 na kumnyima V3 mwenzake. Fostemsaviri ya mwaka 2020 inaingia karibu na kishimo cha gp120 na kuuzuia mwiba kufunuka. Kila moja imesimama katika pengo kati ya tukio na tukio.

Sasa turudi kwenye zile picha za mwaka 2013, kwa sababu nilizielezea kana kwamba ni mwiba wenyewe. Ni toleo lililohaririwa. Mwiba wa asili haukai tulivu mbele ya darubini, unasambaratika. John Moore, Rogier Sanders na wenzao walitumia miaka kutafuta namna ya kuutuliza. Waliongeza kifungo cha salfa kati ya kichwa na shina ili visiachane. Katika nafasi ya 559 ya gp41 walitoa isoleusini wakaweka prolini, ambayo haikubali hesi kunyooka, na hivyo mtego ukabaki umetegwa daima. Waliimarisha alama ya furini ili mkato usikosekane. Waliongeza mnyororo mmoja wa sukari katika nafasi ya 332, uliokuwa haupo. Mwisho, waliukata mwiba kwenye nafasi ya 664, juu kidogo ya pale unapoingia kwenye utando, ili uelee katika maji. Ni uhariri makini, kila badiliko lina sababu yake, nami nauheshimu.

Nakala ya asili waliyoihariri inaitwa BG505, na imetoka Nairobi. Ni ya mtoto mchanga aliyechukuliwa damu akiwa na umri wa wiki 6, miaka ya 1990, katika utafiti wa maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto; Julie Overbaugh na wenzake ndio waliokitenga na kukieleza kirusi hicho. Ni aina A, iliyoenea sana Afrika Mashariki. Kabla yake maabara nyingi zilijaribu virusi vingine vingi na miiba ikaporomoka. Huu ulisimama. Leo, mwanafunzi wa Beijing au wa Boston anayefungua picha ya mwiba wa VVU, kuna uwezekano mkubwa anatazama protini iliyoandikwa kwa jeni za kirusi kilichomwingia mtoto wa Kenya wakati ambapo dawa za kumkinga hazikuwa zimewafikia akina mama wengi. Mama yule na mtoto yule hawatajwi, na hawapaswi kutajwa. Lakini naona ni wajibu wetu, sisi wasomaji wa huku, kujua kwamba nakala kuu ya elimu hii ilitoka kwetu, na ilitoka kwa namna ya huzuni.

Toleo hili limezua mabishano ambayo wahakiki wa maandiko watayatambua mara moja. Kundi la Walther Mothes wa Yale liliutazama mwiba mmoja mmoja juu ya kirusi chenyewe, likipima umbali wa sehemu zake kwa mwanga. Mwaka 2014 lilieleza kwamba mwiba hauko katika sura moja unapongoja. Unapita katika hali tatu, kutoka iliyofungwa hadi iliyofunuka. Mwaka 2019 likaongeza jambo zito zaidi: toleo lililohaririwa linafanana zaidi na hali ya pili kuliko ya kwanza, ambayo ndiyo kirusi hukaa nayo muda mrefu. Wengine wamepinga. Nionavyo mimi, hata kama Mothes atathibitika kukosea kuhusu hali ipi ni ipi, ametukumbusha jambo la msingi: prolini ya nafasi ya 559 ilichagua kwa niaba yetu dakika ya kutazama.

Chanjo za mwanzo zilikosea kwa kiwango kikubwa zaidi. Kampuni ya VaxGen ilitengeneza gp120 pekee, kichwa bila shina, kimoja bila wenzake wawili, na majaribio yake mawili, moja Thailand na jingine hasa Amerika Kaskazini, yalishindwa mwaka 2003. Gp120 ikiwa peke yake inaonyesha sehemu ambazo katika mwiba kamili zimegeukia ndani, na kinga ikajifunza kusoma kurasa ambazo kirusi hakionyeshi kamwe. Kichwa hichohicho, kikitanguliwa na chanjo nyingine, kilitoa kinga ya asilimia 31 nchini Thailand mwaka 2009, na matumaini yakafufuka. Jaribio la Afrika Kusini lililojengwa juu ya wazo hilo likasimamishwa mwaka 2020 bila mafanikio. Kichwa hicho cha Thailand kilikuwamo pia katika mojawapo ya chanjo mbili za PrEPVacc, utafiti ulioongozwa na Waafrika katika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, ambao ulisitisha utoaji wa chanjo Novemba 2023. Watu waliojitolea mikono yao Mbeya na Masaka walitoa mchango wa kweli, na jibu la hapana walilotusaidia kulipata ni elimu.

Jaribio la kingamwili ya VRC01, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021 na ambalo Tanzania na Kenya zilishiriki, lilisema jambo jingine. VRC01 huiiga CD4 na kushika palepale CD4 inaposhika. Kwa jumla haikupunguza maambukizi, lakini dhidi ya virusi ambavyo miiba yake ilikubali kushikwa nayo, ilikinga kwa takriban asilimia 75. Kwa hiyo mahali pa kushika ni sahihi. Tatizo ni kuufundisha mwili kuandika kingamwili ya aina hiyo, na hilo huhitaji hatua nyingi. Katika utafiti wa Rwanda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2025, watafiti walianza na kipande cha gp120 kilichoandikwa upya ili kuziamsha seli changa zenye uwezo wa kuzaa kingamwili kama VRC01, na seli hizo ziliamka kwa karibu washiriki wote. Chanjo za hatua zinazofuata zitapaswa kuzilea kidogo kidogo, kila moja kwa zamu yake.

Mwaka huohuo 2025 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 108 nchini Marekani, waliopewa maelekezo ya mRNA ili seli zao zitengeneze mwiba uliotokana na BG505. Kundi moja lilipewa toleo lililokatwa chini na kuelea. Makundi mawili yalipewa toleo lenye mguu wake, lililosimama juu ya utando kama linavyosimama juu ya kirusi. Kati ya waliopata toleo linaloelea, asilimia 4 tu walitoa kingamwili za kuzuia kirusi kinacholingana na chanjo. Kati ya waliopata lenye mguu, ni asilimia 80. Toleo linaloelea lina kitako kilicho wazi, bila sukari, mahali ambapo katika maisha ya kirusi pamezama kwenye utando, na kinga ya mwili inakikimbilia kitako hicho kwa sababu ndicho rahisi kusoma. Mkato wa nafasi ya 664, uliofanywa kwa nia njema kabisa, ulikuwa umeandika ukurasa mpya. Baadhi ya waliochanjwa walipata vipele vya kuwasha, na sababu yake lazima ijulikane kabla ya kwenda mbele. Tena kingamwili zilizopatikana ni za mwiba huo wa Nairobi. Dhidi ya virusi vingine vyenye sukari na vitanzi vya namna nyingine, bado hazifui dafu.